Hesabu Sekunde, Si Sukari: Chai ya Kichina kwa Maji ya Machakos

Niambie ukweli. Chai yako huchemka kwa muda gani?

Hujui. Hata mimi sikuwa najua. Kwetu chai haipimwi kwa saa, inapimwa kwa macho. Maziwa yanapanda, unapunguza moto, yanapanda tena, unapunguza tena, rangi ikikaa sawa unachuja na kumwaga kwenye themosi. Mathe wangu anaweza kuacha sufuria jikoni, aende kwa jirani kupiga domo, na arudi mbio sekunde ile ile chai inapotaka kumwagika. Hiyo pia ni hesabu ya muda, sema tu hakuna mahali imeandikwa.

Leo nataka tuongee kuhusu chai ingine. Ile ambayo ukichelewa sekunde kumi umeiharibu, lakini ukiiwahi, majani yale yale yanakupa vikombe saba au nane, na kila kimoja kina ladha yake. Najua ushaanza kusema hizi ni mambo za watu wa Karen na Runda. Tulia. Mimi naishi hapa Machakos, keja yangu iko upande wa Katoloni, na maji nanunua kwa mtungi kama wewe.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sitaki kuingia sana kwa hiyo hadithi, karo ilikuwa nzito kuniliko na siku zikapita. Mwaka wa 2021 nikajipata Mlolongo, nikifanya mjengo wakati ile barabara ya juu ya kwenda Westlands ilikuwa inajengwa na kila kona huko chini kuna kazi ya mkono. Kwenye stoo niliyokuwa nabebea mizigo kulikuwa na mzee mmoja wa Kichina. Alikuwa na chupa ya kioo yenye mfuniko, ndani yake majani ya chai yanaelea. Saa moja asubuhi anatia maji moto. Saa nne anaongeza. Saa saba anaongeza. Jioni bado ni majani yale yale. Sisi tulikuwa tunamcheka vibaya. Tulimwita Mkono Birika, na huyu alistahili jina hilo kuliko mchoyo yeyote niliyewahi kumjua, kwa sababu birika lenyewe hakuliachilia.

Halafu siku moja mvua ikanyesha, kazi ikasimama, na yule mzee akatoa kwenye droo kikombe cheupe kisicho na mkono, chenye mfuniko na kisahani. Akajaza majani mpaka karibu nusu. Nikasema, huyu leo amekuwa mkarimu. Akamwaga maji yanayochemka, akafunika, akainua kidole. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama ishirini hivi, mengi ya kazi. Akasema, "Bado." Sote tukanyamaza. "Bado." Kisha, "Sasa," na kabla sijapepesa macho alikuwa ameshamimina kila tone kwenye vikombe vidogo kama vile vya kunywea kahawa chungu kule Mombasa. Nadhani haikufika sekunde kumi.

Nilikunywa sita. Cha kwanza kilinukia maua. Cha tatu kilikuwa kizito, kinakaa kooni hata ukishameza. Cha sita kilikuwa kitamu bila sukari, na mimi ni mtu wa vijiko vitatu. Majani yalikuwa yale yale, maji ni yale yale ya birika la stima. Kilichobadilika ni muda tu.

Baadaye ndio nikajua hiyo njia inaitwa gongfu. Ndiyo, neno ni lile lile la kungfu, zile filamu umetazama DJ Afro akizitafsiri mpaka mbavu zikauma. Kwa Kichina maana yake ni ustadi unaoupata kwa kutumia muda na bidii, uwe wa ngumi au wa chai. Njia yenyewe ina mizizi kusini mashariki mwa China, Fujian na eneo la Chaozhou lililoko Guangdong. Zamani zaidi Wachina nao walikuwa wakichemsha chai sufuriani, kama mathe tu. Chai nyingi ilikuwa inabanwa kuwa vipande kama sabuni, mpaka mwaka wa 1391 mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming akakataa kuletewa ushuru wa chai ya vipande, akataka majani yaliyo huru. Ukishakuwa na majani mazima unaweza kuyalowesha, ukayatoa, ukayalowesha tena. Hata hili neno letu "chai" lilitoka China, likapitia Uajemi, likatufikia huku. Kwa hiyo usijisikie mgeni sana.

Kosa langu la kwanza nililifanya wiki hiyo hiyo. Nilirudi nyumbani nikachukua majani chai ya kawaida, ile pakiti iko kwa kila duka la mtaa, nikatia vijiko viwili kwenye kikombe kidogo, nikamwaga maji, nikahesabu kumi. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama oili ya matatu. Raundi ya pili, maji ya kahawia. Raundi ya tatu, hakuna kitu.

Kuna sababu, na ni vizuri uijue kwa sababu inahusu pesa za nchi hii. Karibu chai yote ya Kenya hupitia mashine zinazoitwa CTC, ambazo husaga, hurarua na kukunja majani mpaka yanakuwa punje ndogo ndogo. Mashine hiyo ilibuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Punje ndogo ina sehemu kubwa iliyo wazi kwa maji, kwa hivyo inatoa rangi na nguvu zote kwa mpigo. Ndio maana inafaa maziwa na sukari, na inafaa ile mifuko midogo ya kuning'iniza. Chai yetu inatoa kila kitu dakika ya kwanza, na hakuna cha raundi ya pili.

Sisemi ni mbaya. Mimi nikiamka na baridi ya Julai nataka chai ya maziwa na mandazi mbili, usiniletee mambo ya maua. Lakini Kenya inazalisha zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka, tunaongoza dunia kwa kuuza nje chai nyeusi, na sehemu kubwa mno ya hiyo inaenda Mombasa kwenye mnada, kisha inaenda Pakistan, Misri, Uingereza, kuchanganywa na chai za wengine. Mkulima wa Kericho au Murang'a analipwa kama mtu aliyeuza malighafi. Chai ya majani mazima, ile wanaita othodoksi, ambayo majani yanakunjwa badala ya kuraruliwa, inaweza kupata bei nzuri zaidi, na ndio maana KTDA imekuwa ikiweka mitambo yake kwenye baadhi ya viwanda. Swali langu ni, sisi wenyewe tutaijuaje kama hatujawahi kuionja?

Basi nikaitafuta. Pakiti ya gramu 50 ya othodoksi nyeusi ilinigharimu shilingi 600 Nairobi. Nikatoa tena shilingi 1,800 nikanunua kile kikombe chenye mfuniko, wao hukiita gaiwani, pamoja na vikombe sita vidogo. Hizo zilikuwa pesa zangu za mwisho za mjengo, na nilikuwa na mpango. Ningealika watu Jumamosi, kila mmoja achange 150, tukae tuonje chai raundi saba. Nilichapisha jedwali kutoka intaneti: sekunde 5, 10, 15, 20, 25, unaongeza tano tano. Saa ya simu ikawa tayari. Wakaja wanne.

Msee, iliumana. Raundi ya kwanza ilikuwa chungu kama mwarobaini. Ya pili ikawa chungu zaidi na juu yake kuna utando kama mafuta ya petroli kwenye dimbwi. Mmoja akauliza kama hii ni ya minyoo. Niliwarudishia pesa zao zote, shilingi 600, na jioni mathe, ambaye alikuwa amekuja kunitembelea na kuona ule usanii wote, akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio uliniuma, "Kwani uliacha shule ukacheze kalongolongo?"

Nilikaa na hilo swali wiki mbili. Halafu nikaanza kutafuta nilipokosea, kitu kimoja kimoja.

La kwanza lilikuwa kumimina. Jedwali lilisema sekunde tano na mimi nilihesabu tano, ndiyo, lakini kuanzia pale nilipofunika. Kumwaga maji kulikuwa kumechukua sekunde nne. Kumimina nje, na vidole vinaungua kwa sababu gaiwani haina mkono, kulichukua kumi au zaidi. Jumla ni karibu ishirini! Majani hayajui umeanza kuhesabu saa ngapi. Yanajua tu yameguswa na maji saa ngapi na yameachwa saa ngapi. Kwa hiyo hesabu kuanzia tone la kwanza linaloingia mpaka tone la mwisho linalotoka. Kama wewe ni mpole wa kumimina, punguza muda wa kusubiri. Na usijaze gaiwani mpaka kwenye mdomo, acha nafasi ya kushika bila kulia.

Tena, yale maji kidogo yanayobaki chini ukidhani umemaliza yanaendelea kupika. Nilikuwa nayaacha nikipiga stori dakika tano, kisha nashangaa raundi ya pili ni chungu. Kung'uta mpaka tone la mwisho, halafu weka mfuniko kando kidogo majani yapumue.

La pili lilikuwa maji yenyewe. Nilikuwa nimetumia maji ya kisima. Ukiwa mtu wa Ukambani unajua maji yetu ya kisima, yana chumvi na yana chokaa, birika linafanya ukoko mweupe kila wiki. Ile chokaa ndiyo huleta utando juu ya chai na kuifanya ladha iwe bapa. Kwenye chai ya maziwa huoni, lakini chai ya majani matupu haina pa kujificha.

Maji mazuri niliyoyapata ni ya mvua. Na hapo ndipo nilipogongana na mathe, kwa sababu maji ya mvua yako kwenye tangi lake, aliyoyakinga Novemba, na hayo ni maji ya kunywa na kupika ya nyumba nzima mpaka mvua ingine, kama itakuja. Sasa fikiria gongfu inavyofanywa kwenye video. Wanamwagia vikombe maji moto ili vipate joto, wanamwaga. Wanaosha majani kwa raundi ya kwanza, wanaimwaga. Wanamwagia birika kwa nje, kwa urembo tu. Mama wa Machakos akikuona ukimwaga maji ya tangi hivyo, hatakuuliza swali la kalongolongo tena, atakufukuza.

Kwa hiyo mimi simwagi. Raundi ya kuosha ina maana kwa chai zilizowekwa ghalani miaka mingi au zilizobanwa sana zinazohitaji kuamshwa. Othodoksi yetu mpya haina vumbi la miaka. Raundi ya kwanza nainywa. Vikombe navipasha kwa mvuke wa birika. Hiyo imekuwa sheria ya kwangu, na kama kuna Mchina itamuudhi, aje aishi Machakos mwezi wa Septemba kwanza.

La tatu sikulitarajia kabisa. Baada ya kurekebisha kumimina na maji, raundi ya kwanza ikaanza kutoka nyepesi, kama maji yaliyopita karibu na chai. Nikarudi kwa mambo ya fizikia ya kidato cha pili. Maji huchemka kwa digrii 100 ukiwa usawa wa bahari. Machakos tuko karibu mita 1,600 juu, na kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka kwa karibu digrii moja chini. Kwa hiyo hapa kwetu yanachemka kwa digrii 94 au 95. Unaweza kuwasha jiko mpaka gesi iishe, hayatapita hapo. Mtu wa Mombasa na mtu wa Machakos wakifuata jedwali moja, watakunywa chai mbili tofauti. Sekunde za Guangzhou, mji ulio karibu na usawa wa bahari, si sekunde zetu.

Basi hizi ndizo zangu, kwa gramu 5 za othodoksi nyeusi kwenye gaiwani ya mililita 100, maji ya mvua yanayotokota, nikihesabu kutoka tone la kwanza mpaka la mwisho. Raundi ya kwanza napeana sekunde 15, kwa sababu majani bado yamekauka na kujikunja, lazima maji yaingie kwanza. Ya pili, na hapa jedwali nyingi zinakudanganya, usiongeze. Punguza. Majani yameshafunguka na yana moto, yanasubiri tu, sekunde 10 zinatosha sana. Ya tatu 12. Ya nne 20. Kutoka hapo ongeza kwa haraka: 30, kisha 50, kisha dakika moja na nusu. Ya nane funika tu, nenda kaoshe vyombo, urudi.

Usizikariri. Ni za majani yangu na birika langu. Elewa tu kinachotokea ndani. Harufu na sehemu kubwa ya kafeini hutoka mapema. Vile vitu vinavyokausha ulimi kama umekula ndizi mbichi hutoka polepole, na joto na muda ndivyo huvivuta. Ukikaa dakika tano unavipata vyote kwa pamoja, ndipo unakimbilia sukari. Ukikata muda vipande vipande, unakunywa kila kitu kwa zamu yake. Kama raundi hii imekausha ulimi, ijayo punguza sekunde tatu. Kama imekuwa maji, ongeza tano. Yule mzee wa stoo hakuwa na saa. Alikuwa anaangalia rangi kwenye ukingo wa mfuniko na kunusa. "Bado" na "sasa" ndiyo yote aliyohitaji.

Kama huna doo ya gaiwani, chukua kikombe kidogo cha kahawa cha udongo na kisahani chake, ukigeuze kisahani kiwe mfuniko. Kinafanya kazi ile ile. Nilijua hivyo baada ya kutumia 1,800, si unaona maisha.

Na ile hesabu ya ati ni chai ya matajiri, wacha tuifanye. Gramu 50 kwa 600. Kila kikao gramu 5, hivyo vikao kumi, shilingi 60 kila kimoja. Raundi saba ni zaidi ya nusu lita. Kila kikombe kidogo hakifiki shilingi 9. Kibandani kikombe cha strungi ni 20. Kwa hivyo yule mzee hatukumwelewa, hakuwa mchoyo. Alikuwa amelipia majani mazuri na hakuona sababu ya kuyatupa kabla hayajaisha.

Kuna moja ingine lazima nikutajie, chai ya zambarau. Ni yetu, watafiti wa chai kule Kericho waliitoa rasmi kwa wakulima mwaka wa 2011, jina lake la kitaalamu ni TRFK 306/1. Rangi inatoka kwa anthosayanini, zile zile zinazopaka rangi zambarau na kabeji nyekundu. Hii usiitie maji yanayotokota ikiwa imetengenezwa kama chai ya kijani, itakuwa kali. Hamisha maji kutoka birika hadi kikombe, kisha kikombe kingine, yapoe kidogo, halafu anza na sekunde 20. Mimi nilipoijaribu kwa maji ya kisima ilitoka kijivu kama maji ya kuoshea mopu. Kwa maji ya mvua, zambarau safi. Ukiongeza tone la ndimu inageuka waridi mbele ya macho yako. Hakuna mtoto wala mlevi ambaye sijawahi kumshangaza na hiyo.

Nilirudia Jumamosi zangu mwaka jana. Rafiki yangu ana kinyozi karibu na stage, ananipa meza kuanzia saa kumi jioni. Watu watano, wakati mwingine wawili, kuna siku nilikaa peke yangu na birika. Siwezi kukuambia ni biashara. Inalipa maji, majani na nauli, na kuna mwezi ililipa nusu ya kodi. Wateja wangu wengi ni vijana waliokuja kunyolewa wakaona vikombe vidogo wakaanza kucheka, kama nilivyocheka mimi Mlolongo.

Mathe alikuja mara moja Desemba, akitoka sokoni na kiondo kimejaa maembe. Akakaa. Nikampa ya kwanza, akakunja uso. Ya pili, akaangalia dirishani. Nilitaka kumwambia "Mwaitu, wacha tu, nitakupikia ya maziwa," lakini nikaendelea kuhesabu. Ya tano aliinywa polepole, akaweka kikombe chini na kuuliza sukari niliitia saa ngapi, kwa sababu hakuniona.

Siku hizi nikienda nyumbani ananichotea maji ya tangi mwenyewe, birika moja, analipima kwa jicho. Kisha ananiambia nianze, nikifika ya tano nimwite.